Gunia Aliyevaa Koti la Mama

Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi, na mwingi wao haukumdhuru mtu. Nimesema niliwahi kupiga chafya jirani akahama. Nimesema mume wangu alinichumbia miaka saba akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na siku nilipokubali akashindwa kuushusha ule mwingine, tukafunga ndoa hivyohivyo. Watu wamecheka, wamemaliza chai, wamekwenda zao. Lakini uongo mmoja niliusema mchana mmoja nikiwa na haraka, ukakaa miaka ishirini na tatu bila mimi kujua, ukanenepa, ukaja kumkalia mjukuu wangu kifuani. Huo nitausimulia, na nitajizuia nisiutie chumvi, maana chumvi yenyewe inakuja huko mbele na ina kesi yake.

Mjukuu huyo tunamwita Hamira. Tangu akiwa mdogo akinuna huvimba: mashavu kwanza, kisha shingo, kisha chumba kizima. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimtangazia kila mgeni kwamba huyu ndiye mke wake mdogo, na mimi nimebakizwa kwa sababu najua funguo zilipo. Wasiotujua hudhani jina la Hamira amelipata kazini, kwa kuwa yuko kwenye kiwanda cha mikate. Hapana. Jina lilitangulia, kazi ikalifuata.

Huingia kazini alfajiri, saa ambayo jogoo bado anageukia upande wa pili, na hutoka saa nne asubuhi. Kazi yake ni donge. Anapima unga, maji, hamira na chumvi, anatia kwenye mashine ya kukandia, karai kubwa lenye mkono wa chuma unaozunguka kama mtu mwenye hasira anayetafuta kitu alichopoteza. Kisha anasubiri donge liumuke. Ukutani wamemwekea saa ya kumwambia lini liko tayari, lakini yeye haiamini. Hubonyeza donge kwa kidole na kutazama shimo. Likijaa upesi, bado. Likirudi polepole, kama mzee anayeinuka kitini, tayari. Lisiporudi kabisa, umechelewa, donge limekufa. Miaka tisa kidole hicho hakijakosea, na msimamizi wa zamu, mwanamume asiyesifu hata mvua, aliwahi kusema kuwa saa ile ukutani ni ya kupamba tu.

Akitoka huko hupanda kwenye chumba chake, ghorofa ya pili, juu ya fundi redio. Kitanda cha chuma, kabati ambalo halifungi mpaka ulikunjie karatasi mlangoni, kiti kimoja, na pazia la kijani linalopitisha jua kana kwamba limelipwa kufanya hivyo. Hapo hulala kuanzia saa tano, wakati wenzake mjini wanagombana na mchana. Mimi nakaa mtaa wa nyuma, hatua mia tatu, au elfu tatu nikitaka kuhurumiwa.

Basi siku hiyo nilipita saa saba kumwachia bakuli la maharage mlangoni, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, bado ana unga kwenye nyusi, macho mekundu.

"Mke mwenzangu, mbona hujalala?"

"Nimeshalala, Bibi. Nimeshiba."

Akavuta ncha ya sikio la kushoto. Huyu hajui kudanganya. Akidanganya mkono hukimbilia sikioni, na mama yake, binti yangu, alikuwa vilevile. Niliwaambia wote wawili kwamba sikio hilo siku moja litafika begani.

"Sikio lako linakuumbua," nikamwambia. "Sogea nikae. Sema."

Alisogea.

"Bibi, Gunia amerudi."

Nilicheka. Nakiri, nilicheka. Nikamuuliza gunia gani, la unga au la mkaa, maana huyu maisha yake yote ni magunia.

"Gunia yule wa kwako. Wa nilipokuwa mdogo."

Akaniambia jinsi anavyokuja. Analala chali, usingizi unaanza kumchukua, halafu anazinduka, macho yanaona chumba kilekile, pazia lilelile, anamsikia fundi redio chini akijaribu stesheni. Lakini mwili hauko naye. Anauambia mkono uinuke, mkono hausikii. Anataka kuita, ulimi umelala. Na kwenye kona ya kabati amesimama yeye. Mnene, hana shingo, amevaa koti refu na kofia. Anakuja bila kutembea. Anamkalia hapa, katikati ya kifua, na pumzi inakuwa nyembamba kama uzi. Halafu ghafla kidole cha mguu kinasogea, na hakuna mtu, ila jasho.

"Hilo ni jinamizi," nikamwambia. "Mtu yeyote hukabwa na jinamizi. Mimi lilinikaba mwaka ule wa mafuriko, nikaling'ata, likaomba radhi."

Hakucheka. Mimi mwenyewe moyo wangu ulikuwa umepiga kwenye meno. Kwa sababu yule wa kona ya kabati, mnene, hana shingo, koti na kofia, mimi namjua. Mimi ndiye niliyemshona.

Kwanza niseme aliingiaje tena, maana miaka mingi mtoto alikuwa amemsahau. Kuna mwenzake kazini, mwanamke wa kufunga mikate kwenye mifuko, wanamwita Miwani. Miwani ni mtu wa kusoma kila kitu, hata karatasi iliyofungia karanga. Siku moja wakati wa mapumziko aliwaambia kwamba mtu anaweza kujifunza kuota huku akijua kuwa anaota, na akijua hivyo anaweza kufanya atakacho humo ndani: kuruka, kuvuka ukuta, kumuona mtu aliyekufa. Wengine walimtania wakamwambia basi aote mshahara umeongezwa. Hamira hakutania. Alisubiri wote waondoke, akamuuliza: "Inafanyikaje?"

Alikuwa na sababu. Tangu akiwa na miaka sita anaota ndoto moja. Mama yake amesimama kwenye sinki ya nyumbani kwangu, amempa mgongo, anaosha vikombe. Mtoto anataka mama ageuke. Anamwita. Mama hageuki, na ndoto inakatika. Picha ya huyo binti yangu tunayo moja tu, ya harusi ya mtu mwingine, na mpiga picha alimkata usoni ili bibi harusi aenee. Hamira aliniambia kwenye ngazi ile: "Bibi, uso wake umeanza kunitoka. Nakumbuka viatu. Nakumbuka mkono. Uso sina." Alitaka jambo moja tu: aingie ndani ya ndoto ile akijua yumo, asubiri, amuone mama akigeuka.

Miwani alimfundisha vizuri. Mchana kutwa ujiulize, naota au niko macho? Ujipime. Wengine huhesabu vidole, yeye akachagua kipimo chake mwenyewe: kubonyeza kiganja kwa kidole, kama donge. Ukiwa macho nyama inarudi. Kwenye ndoto, alisema Miwani, mwili haufuati sheria, huenda kidole kikazama. Akazoea, akawa anabonyeza kiganja sokoni, kwenye foleni, hata nikimsimulia habari zangu, jambo ambalo nililiona dharau. Na mara mbili kidole kilizama kweli, akajua yumo ndotoni, akafurahi kupita kiasi, akaamka.

Ndipo Miwani akampa njia ya pili, ya kuingia moja kwa moja: ulale chali, uuache mwili ulale, wewe mwenyewe ubaki macho ndani yake kama mlinzi ndani ya nyumba iliyofungwa. Alimwambia pia kwamba mlangoni pale mwili hujifunga usitikisike, na akili huweza kuona vioja, asiogope. Ni rahisi kumwambia mtu asiogope. Alipofika mlangoni pale alimkuta Gunia.

Alijaribu mara tatu. Mara ya nne hakujaribu, Gunia akaja mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilivyotaka kutibu. Mtu mwenye akili angesema ukweli palepale kwenye ngazi. Mimi, mkono uliozoea nyundo, kila kitu naona msumari. Nikamwambia: "Usiogope, Gunia ana mke. Mke mkali, mwembamba kama fimbo ya pazia, ana funguo kiunoni. Gunia akija, wewe mwite mkewe kimoyomoyo, atakuja kumtoa kwa sikio." Nilimwelezea huyo mke mpaka nikamwonea fahari. Nilimpa na kikohozi.

Siku ya tatu Hamira akaja kwangu, hakubisha hodi.

"Bibi, sasa wanakuja wawili."

"Wawili nani?"

"Na mkewe. Anasimama kwenye mlango, anakohoa. Hamtoi. Anamwambia akae vizuri."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Alikuwa amekonda, na midomo imepasuka. Tangu siku hiyo aliacha kulala kabisa. Akirudi kazini anakaa kwenye kiti, wima, na kikombe cha kahawa kwenye goti, kimejaa mpaka ukingoni ili akisinzia kimmwagikie. Mapaja yake yalikuwa na alama za kahawa ya moto. Nilimwambia huko si kukesha, huko ni kujipika.

Na kukosa usingizi, kumbe, ndiko kunakolilisha jinamizi. Miwani alimwambia hivyo: kadiri unavyochoka ndivyo linavyokuja upesi. Basi akawa anakabwa hata akiegemea ukuta dakika tatu.

Hapo ndipo chumvi ilipofanya kesi. Asubuhi moja alipima unga, maji na hamira, akaacha chumvi. Mikate yote ya asubuhi ile ikatoka mizuri, mikubwa, na haina ladha ya kitu chochote. Ilirudishwa kutoka madukani kote. Msimamizi alimuuliza, ulitia chumvi? Akasema nilitia, mkono ukaenda sikioni. Msimamizi naye, kumbe, sikio lile analijua. Hakumfokea. Alimwambia maneno ambayo ni mabaya kuliko kufokewa: "Kuanzia kesho utatazama saa ya ukutani."

Wiki iliyofuata alisinzia amesimama, mkono uko kwenye ukingo wa karai, mashine inazunguka. Miwani alimvuta kwa kamba ya aproni. Aproni ilichanika. Walipoizima mashine walikuta kipande cha aproni ndani ya donge. Msimamizi alimrudisha nyumbani kwa siku tatu, akamwambia: "Nenda ukalale. Usipoweza kulala usirudi, sitaki kuwaeleza watu wa kwenu kuwa mashine imekuchukua mkono."

Miwani ndiye aliyekuja kuniambia, kwa sababu Hamira asingesema. Nikaenda. Hatua mia tatu, na siku hiyo zilikuwa elfu tatu kweli.

Nilimkuta kitini, kikombe gotini. Nikamwondolea kikombe, nikakaa kitandani, nikasema nilichopaswa kusema mwezi mzima uliopita.

"Gunia si kitu. Nilimtunga mimi."

"Bibi, niache."

"Nilimtunga. Nilikuwa nataka ulale mchana, ulikuwa hutaki. Pale kwenye kona ya chumba palikuwa na gunia la pumba za kuku, na mama yako alikuwa amelitupia koti lake na kofia yake. Nikasema, yule anakutazama, anayefumbua macho anamkalia. Ni hivyo tu. Sikuchukua hata dakika."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama mtoto anayeficha sahani iliyovunjika mgongoni.

"Wewe ukisema jua limechomoza, mimi natoka nje kuhakikisha," akasema. "Juzi alikuwa na mke. Leo hayupo. Kesho atakuwa shangazi yako."

Na nilistahili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba siku anapotaka kurudi kwa njia ya kweli hukuta imeota majani.

Tukakaa. Chini fundi redio alipata stesheni, akaipoteza. Kisha Hamira akasema, bila kunitazama:

"Unajua ilikuwa siku gani hiyo?"

"Siku gani?"

"Ulivyosema nifumbe macho. Ndiyo siku Mama alipokwenda hospitali."

Nikasema ndiyo, nakumbuka, gari lilikuwa linakuja, nilitaka mtoto alale asione akaanza kulia.

"Alikuwa anaosha vikombe," akasema. "Nilimwona mgongo. Ukanilaza, ukanifunika, ukasema nifumbe. Ukasema na kingine. Ukasema Gunia anajua kuiga sauti. Anakuja na sauti ya mtu unayempenda, anakuita, ukifumbua tu, anakukalia."

Nilisema hivyo. Nililisahau kabisa, na aliposema nikalisikia kwa sauti yangu mwenyewe, tena nikakumbuka kuwa nilijipongeza kwa kipande hicho.

"Akaja kitandani, akaniita mara mbili. Sikufumbua. Nikabana macho mpaka nikaona nyekundu. Akaniwekea mkono hapa." Akajishika kwenye paji la uso. "Ulikuwa na baridi ya maji. Akasema, amelala, nisimwamshe. Halafu kiatu chake kimoja kikawa kinalia, kinalia, mpaka mlangoni."

Binti yangu hakurudi kutoka hospitali. Siku tisa. Hilo nalijua mimi, lilinipita katikati. Lakini haya ya kitandani sikuyajua. Nilikuwa nje nikifungua geti. Miaka ishirini na tatu nimedhani mtoto alikuwa amelala, na nimewaambia watu hivyo, tena nimewaambia kwa kujisifu: nilimlaza vizuri, hakuona lolote.

Mimi ni mtu wa maneno. Hata kwenye misiba huniomba ninyamaze kwa zamu. Mchana huo nilitafuta neno moja, nikalikosa. Mkono wake ulikuwa gotini, haukwenda sikioni.

Nikarudi nyumbani. Nina sanduku la bati chini ya kitanda ambalo nimewaambia wajukuu wote kuwa lina nyoka. Halina nyoka. Lina koti la kijivu la binti yangu, vifungo vinne, cha tano nilikitoa mwenyewe nikakivaa shingoni mpaka uzi ukakatika. Lina na kofia ya sufu. Nilivichukua. Kwa jirani mfuga kuku nikaomba gunia la pumba, nikamlipa mpiga debe mmoja maneno matamu akanibebea mpaka ghorofa ya pili.

Niliingia nikiwa natweta. Hamira akainuka. Nikaliburuta gunia mpaka kwenye kona ya kabati, nikalisimamisha. Nikalivika koti. Nikalitupia kofia juu. Kisha nikasogea pembeni.

Alirudi nyuma mpaka akaukuta ukuta. Alikuwa yeye. Hata mimi niliona kuwa ni yeye, mnene, hana shingo, kwenye mwanga ule wa kijani wa pazia, na nilijilaani kwa kuwa na kipaji.

"Mtazame," nikasema. "Fumbua macho, umtazame. Hii ndiyo kazi niliyokunyima."

Ilichukua muda. Maji ya mtu fulani yalichuruzika kwenye bomba la nje mpaka yakaisha. Hamira akatoka ukutani hatua moja, kisha nyingine. Akanyoosha kidole. Akambonyeza Gunia tumboni, kama anavyobonyeza donge, akakitoa kidole, akatazama.

Shimo halikurudi.

"Pumba," akasema.

"Pumba."

Akabonyeza tena, begani, kifuani. Kisha akashika kola ya koti, na nikaona pua yake inatikisika. Koti limekaa kwenye bati miaka mingi na vidonge vya nondo, lakini chini ya vidonge kuna harufu nyingine, na hiyo naijua kwa sababu hufungua sanduku mara moja kwa mwaka na kulifunga upesi ili isiishe. Akaweka uso wake pale. Akakaa hivyo, ameegemea kifua cha Gunia, na mimi nikatazama mlango wa kabati, ule usiofunga.

Baadaye akasema: "Nitalala. Usiliondoe."

"Pale pale?"

"Pale pale. Na wewe kaa. Ila usisimulie kitu."

Tukapatana. Angelala chali, kama Miwani alivyomfundisha. Gunia akija hatapigana naye, kwa sababu ukipigana naye anazidi uzito. Atapumua tu, kwa sababu pumzi ndiyo mali pekee ambayo jinamizi haliwezi kukunyang'anya, hata kama linakudanganya kuwa limeichukua. Mimi nisimguse kwa lolote, mpaka nione kidole gumba cha mguu kinasogea. Kikisogea, maana yake anataka kutoka, nikishike.

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia, Bibi. Hata mimi nikilia."

Nikakaa kwenye kiti nikiwa nimeukazia macho mguu wake. Mwanzo hakukuwa na kitu. Pumzi ikawa ndefu. Nikadhani amelala kama watu wanavyolala, nikaanza kushukuru. Ndipo macho yakafumbuka nusu, yakatazama kona ya kabati, yakabaki hapo. Kifua kikasimama. Kikaanza kwenda haraka, vipumzi vidogo, kama vya ndege uliyemshika mkononi. Koo likatoa sauti ambayo siwezi kuiiga. Chozi likatoka kwenye kona ya jicho, likaelekea sikioni, sikio lilelile.

Niliinuka. Mkono wangu ulifika umbali wa kiganja kutoka mguuni kwake. Nilikuwa na sababu zote za kumgusa na kila mtu angeniunga mkono. Bibi gani anatazama hivyo akanyamaza? Lakini kidole gumba hakikusogea. Nilikitazama mpaka kikawa viwili. Nilitamani kufumba macho yangu, na nikajiambia, wewe mwanamke, usithubutu.

Hakikusogea. Na polepole, polepole kabisa, kama donge lililo tayari, kifua kikaanza kurudi. Pumzi ikaingia, ikakaa, ikatoka. Ikaingia tena. Macho yakajifumba. Baadaye yakaanza kukimbia chini ya kope, huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba anayoijua.

Alilala kwa muda wa saa nne. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi hewani kabla sijakumbuka kuushusha.

Alipoamka hakuinuka. Alitazama dari, mikono miwili iko juu ya shuka, imetulia.

"Alikuja," akasema. "Alinikalia."

"Najua. Nilikuona."

"Nikapumua. Akawa mzito mno, nikasema basi, kaa. Halafu nikasikia harufu ya koti, Bibi. Nikasema moyoni, aa, kumbe ni koti. Halafu kitanda hakipo. Niko kwako, sakafuni, karibu na meza. Nikabonyeza kiganja, kidole kikazama mpaka upande wa pili. Nikajua."

"Alikuwepo?"

"Anaosha vikombe."

"Aligeuka?"

"Sikumwita. Nilikaa tu nikangoja. Akakausha mikono. Akageuka."

Mikono yake ilikuwa bado juu ya shuka, miwili. Niliitazama, sikujizuia.

"Yukoje?"

Akafikiri. "Anafanana na wewe ukiwa umenyamaza. Ndiyo maana nilikuwa simkumbuki, sijawahi kukuona."

Hapo nilicheka, naye akacheka kidogo, tukasikia vizuri. Ningeishia hapo ningekuwa mwenye busara. Lakini yule alikuwa mwanangu kabla hajawa mama yake, na mimi pia nilikuwa na njaa yangu.

"Alisema nini?"

Hamira akasema: "Alisema alijua nilikuwa macho. Alisema nikuambie usijilaumu, hakukasirika."

Na mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye shuka, ukashika ncha ya sikio, ukaivuta.

Mimi nimekuwa mwongo tangu meno ya utoto, najua kazi nzuri nikiiona. Haikuwa kazi nzuri. Ilikuwa fupi mno, haikuwa na kipambo, na ilikuja upesi. Lakini sijawahi kuletewa uongo uliobebwa kwa uangalifu namna ile, kama kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Nikaupokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mke mwenzangu," nikasema.

Alirudi kazini siku ya nne. Msimamizi alimsimamisha mbele ya karai, akamtazama macho, akaigeuza saa ya ukutani ikatazama ukuta. Gunia huja bado, anasema, labda mara mbili kwa mwezi, hasa zamu zikibadilishwa. Mkewe hakuja tena. Kuna siku anaogopa kama zamani na kidole cha mguu kinamtoa, na siku hizo anakuja kwangu kukaa, hatuongei. Gunia la pumba nililirudisha kwa kuku. Koti amekataa kulirudisha. Limetundikwa kwenye mlango wa kabati, na tangu hapo mlango unafunga.

Mimi nami nimeanza kujifunza. Sijamwambia mtu. Mchana, saa sita ikipita, nalala chali, nabonyeza kiganja, nyama ya uzee hairudi haraka hivyo sijui kama naota au nazeeka. Nangojea mwili ulale, nangojea yule mnene aje anikalie, nimpite niende kwenye sinki ile nikamwambie mwanangu jambo moja. Hajaja. Labda ananiogopa, labda ana kinyongo na aliyemshona. Lakini nitangoja, na ninangoja macho wazi.